Chuma na Maua: Kuwasoma Akina Demidov wa Urusi

Katika madarasa ya fasihi tumezoea kusema kwamba kila kazi ya sanaa ina tabaka lake. Kuusema usemi huo ni rahisi. Kuuthibitisha ndiyo kazi. Makala hii inaujaribu kwa picha moja na ukoo mmoja wa Urusi, akina Demidov, matajiri wa chuma waliosifika kwa ufadhili.

Ukoo huu haukuanzia ikulu. Nikita Demidov alikuwa mhunzi wa bunduki mjini Tula. Petro Mkuu alipopigana na Uswidi alihitaji silaha upesi, na mwaka 1702 akamkabidhi Nikita kiwanda cha chuma cha Nevyansk, katika milima ya Ural. Mwaka 1720 mhunzi akafanywa kabaila. Mwanawe Akinfiy aliongeza viwanda, na chuma chao kikauzwa hadi Uingereza.

Sasa, nani aliyepuliza mivukuto hiyo? Watwana. Amri ya mwaka 1721 iliwaruhusu hata wafanyabiashara wenye viwanda kununua vijiji pamoja na watu wake. Mtu alinunuliwa na shamba lake, akapelekwa kwenye tanuri.

Hebu tuitazame picha ya Prokofy, mwana wa Akinfiy, iliyochorwa na Dmitry Levitsky mwaka 1773. Tajiri amevaa joho la nyumbani na kofia ya kulalia, ameegemea kopo la kumwagilia maji, mkono ukionesha maua ya vyungu. Kwa mbali linaonekana jengo la watoto yatima la Moscow alilolifadhili. Tanuri hakuna, nyundo hakuna, masizi hakuna. Chuma kilicholeta yote hayo hakimo! Kumbe Prokofy alikwisha kukiuza kiwanda cha Nevyansk mwaka 1769. Chuma kikaenda, maua yakabaki. Na mwaka huohuo wa picha, Pugachev alianzisha uasi, na wafanyakazi wengi wa viwanda vya Ural wakamfuata.

Je, ufadhili wao ulikuwa unafiki mtupu? La. Yatima walilelewa kweli. Tuzo iliyoanzishwa na Pavel Nikolaevich Demidov mwaka 1831 iliwafaa wanasayansi, akiwamo Mendeleev mwaka 1862. Lakini tumweke Mendeleev kando ya Miron Cherepanov. Huyu, pamoja na baba yake Efim, aliunda garimoshi la kwanza la Urusi mwaka 1834, huko Nizhny Tagil, katika viwanda vya akina Demidov. Wakati huo Miron alikuwa bado mtwana wao. Uhuru aliupata mwaka 1836. Ukoo uleule ulituza akili ya msomi na kuimiliki akili ya fundi.

Basi tusiishie kusema picha ya Levitsky ni nzuri, wala tusiitupe kwa kuwa ni ya tajiri. Tuisome pamoja na kilichoachwa nje ya fremu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kazi ya mhakiki ni kuuliza huo uliojaa ulijazwa na nani.