Sura ya Kazi

Ukutani kwa kinyozi, hapa Cheptiret, kichwa kilichochorwa kina nywele safi na uso wa mtu yeyote. Kwa tangazo la kunyoa, uso watosha. Sura ni neno zito zaidi: ni jinsi mtu anavyoonekana, ndiyo maana binti hutaniwa ana “sura ya baba”, na asiye na bahati ya urembo “sura ya kazi”. Taswira nayo ni ya shina hilohilo la Kiarabu.

Tofauti hiyo ya uso na sura yaonekana kwa mchoraji Irma Stern wa Afrika Kusini. Alijifunza uchoraji Ujerumani, akaungwa mkono na Max Pechstein, mmoja wa wachoraji waliojali hisia kuliko ufanano. Alikaa Zanzibar mwaka 1939, akarudi 1945. Mwaka huo wa 1945 alichora picha iitwayo Arab Priest, yaani “kasisi wa Kiarabu”: rangi imepakwa nzito, mipigo ya brashi inaonekana wazi, fremu ni mbao za nakshi za Zanzibar. Mwaka 2011 iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Ila jina la picha limekwenda kombo. Uislamu hauna kasisi. Zanzibar mtu huyo wa pichani wangemwita shehe.