Kilimo Hifadhi na Daftari la Shamba: Udongo ni Mtaji, Hesabu ni Kinga

Kilimo hifadhi ni mfumo wa kulima unaolinda udongo na maji ili shamba liendelee kuzalisha mwaka hadi mwaka. Mfumo huu hujengwa juu ya kanuni tatu: kuutikisa udongo kwa kiwango kidogo iwezekanavyo, kuufunika wakati wote kwa mabaki ya mazao au mimea hai, na kupishanisha au kuchanganya mazao ya aina tofauti. Hata hivyo, kanuni hizo pekee hazimhakikishii mkulima faida. Shamba ni biashara, na mkulima asiyejua gharama za uzalishaji wake anaweza kuvuna vizuri na bado akapata hasara sokoni.

Kwa nini udongo huchoka

Shamba linapolimwa kwa jembe la mkono au plau kwa kina kilekile kila msimu, tabaka gumu hujengeka chini kidogo ya mahali ambapo jembe hufika. Mizizi hushindwa kulipenya, na maji ya mvua, badala ya kuzama, hutiririka juu ya ardhi yakichukua udongo wa juu wenye rutuba. Mvua zikisimama kwa wiki mbili au tatu, mahindi hunyauka katika shamba ambalo muda mfupi kabla lilikuwa limejaa maji.

Dawa ya kwanza ni kuvunja tabaka hilo bila kupindua udongo wote. Mkulima anaweza kutumia ripa inayokokotwa na maksai au trekta, ambayo huchana mistari ya kupandia pekee, au kuchimba mashimo ya kupandia kwa mkono. Dawa ya pili ni kufunika ardhi. Matandazo hupunguza kasi ya matone ya mvua, hupoza udongo na huchelewesha kukauka kwake. Kiwango cha chini kinachopendekezwa ni kufunika angalau asilimia 30 ya eneo la shamba. Mimea jamii ya mikunde kama kunde, mbaazi na fiwi hufunika ardhi, huongeza naitrojeni katika udongo na huipatia kaya chakula.

Maarifa yaliyokwishakuwapo nchini

Utunzaji wa udongo haukuletwa Tanzania na wataalamu wa nje pekee. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wamelima kwenye miteremko mikali kwa vizazi vingi kwa mfumo wa ngoro. Nyasi hufyekwa na kupangwa katika umbo la miraba, kisha udongo huchimbwa katikati na kufukiwa juu ya nyasi hizo. Hapo hupatikana matuta ya kupandia na mashimo yanayokamata maji na udongo. Maharage hutangulia, na mahindi hufuata.

Katika ukame wa Dodoma, mkulima wa kijiji cha Chololo alibuni mashimo ya kupandia ambayo leo yanajulikana kwa jina la kijiji hicho. Shimo huwa na kipenyo cha sentimita 22 na kina cha sentimita 30 hivi. Umbali kati ya shimo na shimo ni sentimita 60, na kati ya mstari na mstari ni sentimita 90, na mistari hukingama na mteremko. Samadi huwekwa ndani, na maji ya mvua chache zinazonyesha hukusanyika penye mizizi.

Historia inafundisha pia kwamba hifadhi isiyomnufaisha mkulima haidumu. Katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakazi wa milima ya Uluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na wakulima hawakuona ongezeko la mavuno. Upinzani ulizaa machafuko huko Matombo mwaka 1955, na mpango huo ukaachwa. Baada ya uhuru, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyomomonyoka zaidi ya Kondoa, na uoto ukarejea. Wafugaji, hata hivyo, walibeba gharama ya kukosa malisho, jambo linaloonesha kuwa kila hatua ya hifadhi ina gharama na lazima ijulikane ni nani anayeilipa.

Hali hiyo ipo hata leo. Mabua yanayotakiwa kufunika shamba ndiyo chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Magugu huweza kuongezeka katika misimu ya kwanza shamba lisipopinduliwa, na uchimbaji wa mashimo hudai nguvu nyingi mwaka wa kwanza. Ni busara mkulima aanze na sehemu ndogo ya shamba, alinganishe matokeo yake na sehemu iliyobaki, kisha apanue. Aidha, wakulima na wafugaji wa kijiji wakubaliane mapema kuhusu malisho baada ya mavuno.

Daftari la shamba

Ulinganisho huo hauwezekani bila kumbukumbu. Daftari la kawaida linatosha, likiwa na tarehe, kazi iliyofanyika, pembejeo iliyotumika, fedha iliyotoka na fedha iliyoingia. Nguvukazi ya familia nayo iandikwe kwa thamani ya kibarua, kwa kuwa siku iliyotumika shambani ingeweza kuleta kipato kwingine.

Tuchukue mfano wa ekari moja ya mahindi. Tuseme kuandaa shamba kumegharimu shilingi 100,000, mbegu 50,000, mbolea 180,000, palizi 110,000, viuatilifu 30,000, na kuvuna, kupukuchua na kusafirisha 170,000. Jumla ni shilingi 640,000. Mavuno yakiwa kilo 1,600, kila kilo imegharimu shilingi 400. Bei ikiwa shilingi 45,000 kwa gunia la kilo 100, mkulima atapata shilingi 720,000, yaani faida ya shilingi 80,000.

Mahindi hayohayo yakifungashwa kwa lumbesa ya kilo 120 na kuuzwa kwa bei ileile ya gunia, hayatafika magunia 14, na mapato yatakuwa shilingi 600,000. Faida ya shilingi 80,000 imegeuka kuwa hasara ya shilingi 40,000, ingawa shamba, mvua na mavuno havikubadilika. Ndiyo maana Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza ufungashaji wa mazao unaozidi kilo 100 kwa gunia, na mkulima anashauriwa kuuza kwa mizani. Asiyejua kwamba kilo yake imegharimu shilingi 400 hawezi kutambua kuwa anapokea shilingi 375.

Kuhifadhi na kuuza

Bei ya mahindi kwa kawaida hushuka wakati wa mavuno, kaya nyingi zinapouza kwa pamoja ili kulipa madeni na ada za shule. Anayeweza kusubiri ahakikishe kwanza kwamba nafaka imekauka hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo anaweza kutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu na kutikisa. Chumvi ikigandamana kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Unyevu hukaribisha kuvu wanaozalisha sumukuvu, ambayo hudhuru ini na haiishi kwa kupikwa. Nafaka iliyokauka vizuri ihifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa oksijeni. Kwa mazao yaliyo katika mfumo wa stakabadhi za ghala, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2005, mkulima huweka mazao katika ghala lenye leseni na kupewa stakabadhi inayothibitisha kiasi na ubora wake.

Hatua za kuanzia

Kabla ya msimu, mkulima apime afya ya udongo, anunue mbegu zenye lebo ya Taasisi ya Uthibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI, na apande kwa nafasi sahihi. Kwa mahindi, nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kwa shimo, hutoa takriban miche 18,000 kwa ekari. Ofisa ugani wa kata au kijiji ndiye wa kwanza kuulizwa kuhusu aina ya mbegu na mbolea inayofaa eneo husika, na ni vyema mkulima amwendee akiwa na daftari lake. Kumbukumbu za misimu miwili au mitatu humwezesha ofisa huyo kushauri kwa kuzingatia shamba husika, na humwezesha mkulima kujua kama udongo wake unajengeka au unapungua.