Utepe Usio na Rangi ya Unene: Kuwasaidia Wazazi wa Watoto Wadogo Migori na Homa Bay

Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, huku waliozidi uzito wakiwa asilimia 3 tu. Kwa hesabu hiyo, anayetaka wazazi wa kaunti za Migori na Homa Bay wasaidiwe kudhibiti unene wa watoto ataonekana ameleta mzaha kwenye matanga. Hata hivyo utafiti huohuo ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri, na mama na mtoto hupakuliwa kutoka chungu kimoja. Ninadai kwamba msaada huo unahitajika sasa, wakati wenye tatizo ni wachache, na kwamba uingizwe katika huduma zilezile zinazopambana na udumavu badala ya kuundiwa mradi wa pembeni.

Tuanze na vifaa. Utepe anaoubeba mhudumu wa afya ya jamii kupima mkono wa mtoto una rangi tatu: nyekundu, manjano na kijani. Mtoto mnene husoma kijani, sawa na mwenye afya njema, kwa kuwa utepe ulibuniwa kumsaka aliyekonda. Mizani nayo hudanganya ikiachwa peke yake. Mvulana wa miaka miwili mwenye kilo 13 na urefu wa sentimita 80 atawekewa nukta katikati ya njia salama kwenye mchoro wa uzito kwa umri, na mama ataambiwa aendelee vivyo hivyo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mtoto huyo amedumaa na wakati huohuo amezidi uzito kwa urefu wake. (Viwango hivyo si vya Wazungu, kama inavyosemwa mara kwa mara: watoto wa Ghana, India na Oman walikuwa miongoni mwa waliopimwa.) Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2017 unataka kila mtoto anayefika kituo cha afya apimwe uzito na urefu pia. Lakini ubao wa urefu unahitaji watu wawili, mmoja ashike kichwa na mwingine magoti, na foleni ikirefuka ubao ndio wa kwanza kurukwa.

Hata vipimo vikikamilika, kumwambia mzazi kuwa mwanawe ni mnene ni jambo zito katika eneo hili. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Uganda, UKIMWI ulipoingia uliitwa "slim", yaani kukonda. Homa Bay, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano ana virusi. Nyanya aliyezika watoto wake na kubaki na wajukuu hawezi kulaumiwa akiona mashavu yaliyojaa kuwa ni ushahidi kwamba nyumba imepona. Kwa hiyo mazungumzo yaanze na huyo anayeshika mwiko, bila lawama, na lengo lisiwe kumkondesha mtoto. Kwa wengi wa umri huu inatosha uzito usimame kwa muda huku urefu ukiufikia. Kuna ushahidi kwamba mlango ni mzazi: nchini Israeli, Moria Golan na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto wa miaka 6 hadi 11 ambao wazazi wao peke yao ndio waliofundishwa walipunguza unene zaidi kuliko waliofundishwa wenyewe.

Pingamizi kubwa limekuja hivi karibuni. Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 17 yenye watoto zaidi ya 9,000, na mafunzo ya mapema kwa wazazi hayakupunguza unene watoto walipofika miaka miwili. Siwezi kuupuuza. Ila uchambuzi huo ulipima kinga kwa familia zote, si msaada kwa mtoto ambaye tayari amezidi, na sehemu kubwa ya majaribio ilifanywa katika nchi tajiri. Naukubali kwa upande mmoja: ushauri mtupu haufui dafu mbele ya soda na krispi zinazoning'inia dukani, na hilo ni la sheria na kodi. Lakini Migori na Homa Bay ushauri una kazi mbili kwa mpigo. Uji wa mahindi uliokolezwa sukari, hasa kandokando ya mashamba ya miwa ya Awendo, unaweza kuongeza uzito bila kusaidia urefu. Ukipunguzwa sukari na kutiwa unga wa omena (dagaa wa ziwani), uji huohuo humpa aliyedumaa protini na madini, na humwondolea aliyezidi utamu asiouhitaji. Omena iko tele Mbita, ingawa sehemu kubwa husagwa kuwa chakula cha kuku.