Ngamia wa Doria katika Sahara ya Wafaransa

Ufaransa ilipoitwaa In Salah, katikati ya jangwa la Algeria, mwishoni mwa mwaka 1899, ilijipatia eneo kubwa ambalo wanajeshi wake hawakuweza kulizunguka. Vikosi vya wapanda ngamia vilivyoundwa mwaka 1894 vilipangwa kwa mtindo wa jeshi la kawaida, vikawa vya gharama kubwa na vyenye mwendo mzito. Dawa ilipatikana mwaka 1902, zilipoundwa Kombania za Oasisi za Sahara chini ya François-Henry Laperrine. Askari wake walikuwa hasa Wachaamba, wafugaji wa Kiarabu wa jangwa hilohilo, na kila mmoja alijinunulia ngamia na kujilisha kwa mshahara wake.

Sharti hilo la umiliki, kuliko mnyama mwenyewe, ndilo lililofanikisha doria. Mehari, yaani ngamia wa kupandwa aliye mwembamba na mwepesi kuliko wa mizigo, huishi kwa mafuta ya nundu anapokosa malisho, na akiumizwa mgongo na matandiko huchukua muda mrefu kupona; kwa hiyo mwenye mali alishuka na kutembea kwa miguu sehemu ya safari, akimwongoza kwa hatamu. Alipopanda, alikaa juu ya rahla, kiti cha mbao kinachofungwa mbele ya nundu, akimwelekeza mnyama kwa nyayo tupu zilizokaa shingoni. Ratiba ya doria nayo ilifuata mvua na majani, jambo ambalo makao makuu hayangeweza kuliamuru.

Mipaka yenyewe ilikuwa ya mashaka. Mwezi Aprili 1904, huko Timiaouine, Laperrine akitokea kaskazini alikutana na kikosi cha Kapteni Théveniaut kilichotoka Sudani ya Kifaransa, Mali ya leo, nacho kikamzuia asiendelee. Wafaransa kwa Wafaransa wakagombea jangwa ambalo Watuareg walikuwa wakilichunga tangu zamani, na mpaka ukakubaliwa mwaka 1909 tu.

Magari na ndege vilipunguza kazi ya ngamia, ingawa Laperrine mwenyewe alifariki jangwani mwaka 1920 baada ya ndege yake kuanguka. Mauritania bado inavyo vikosi vya ngamia karibu na mpaka wa Mali, ambako askari hupita visimani, husikiliza habari za wafugaji na hufika pasipofikiwa na petroli.