Tanzu Darasani: Ufundishaji wa Fasihi Simulizi Nairobi tangu Waraka wa 1968

Historia ya ufundishaji wa fasihi jijini Nairobi imezoeleka kusimuliwa kama historia ya majina: nani aliondolewa katika orodha ya vitabu na nani akaingizwa, Shakespeare alipunguzwa kiasi gani na Achebe akaongezwa kiasi gani. Masimulizi hayo hayana uongo ndani yake, lakini yanaliweka kando swali ambalo kwa mwalimu ni la kila siku. Mwanafunzi alipewa kazi gani ya kufanya ili atambue kwamba hii ni ngano, ile ni mighani, na ile nyingine ni wimbo? Makala haya yanalifuata swali hilo kuanzia Barabara ya Harry Thuku, lilipo bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, hadi katika shule na vitongoji vya magharibi mwa jiji. Yanadai kwamba tanzu za fasihi simulizi ziliingia darasani zikiwa swali, zikafika katika chumba cha mtihani zikiwa jibu, na kwamba chanzo kimojawapo kikubwa cha mabadiliko hayo ni lugha.

Waraka wa tarehe 24 Oktoba 1968 unajulikana na kila mwanafunzi wa uhakiki Afrika Mashariki. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo aliitwa James Ngugi, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walikuwa wakijibu mapendekezo yaliyowasilishwa mwezi mmoja kabla katika Kitivo cha Sanaa kuhusu mustakabali wa Idara ya Kiingereza. Dai linalokumbukwa zaidi ni kwamba idara hiyo ivunjwe. Linalokumbukwa kwa nadra ni kwamba mahali pake walitaka paundwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika, vitu viwili chini ya paa moja. Fasihi simulizi, kwa maoni yao, haikuwa pambo la kutangulia somo lenyewe. Ilikuwa hai wakati ule ule walipoandika, na kuisoma kungemzoeza mwanafunzi kutazama upya hata maandishi.

Kilichopatikana mwishowe kilikuwa nusu ya ombi. Idara ya Kiingereza ilitoweka na Idara ya Fasihi ikazaliwa, lakini lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, zilipata makao yao kwingine, katika Idara ya Isimu na Lugha za Kiafrika. Mgawanyo huu unaweza kuonekana kuwa jambo la ofisi na bajeti tu. Kwa suala la tanzu, hata hivyo, ulikuwa na uzito kuliko hoja nyingi za kinadharia zilizofuata.

Kazi ya darasani iliyoanzishwa baada ya 1968 ilikuwa mpya kwa kila hali. Mwanafunzi aliyezoea kupewa kitabu kilichokwisha kuchapwa sasa alitakiwa aende akalete matini mwenyewe. Likizo ikawa sehemu ya muhula. Alirudi kijijini, akamtafuta bibi, mjomba au mtambaji aliyejulikana, akaandika kwa mkono au akatumia kinasasauti pale kilipopatikana, kisha akarudi chuoni na daftari. Mkusanyo wa Taban lo Liyong kuhusu utamaduni wa umma wa Afrika Mashariki, uliotolewa mwaka 1972, ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi za wanafunzi. Anayezisoma kazi za aina hiyo leo huona mara moja kwamba wakusanyaji hawakuwa na hakika ya kile walichokikusanya. Hilo lisihesabiwe kuwa udhaifu. Hadithi ya asili ya ukoo iliyochanganyika na wimbo, kisa cha sungura kilichomalizika kwa methali, kitendawili kilichotegwa katikati ya masimulizi: vyote hivi vilimlazimisha mwanafunzi aulize utanzu ni nini hasa, kabla hajaambiwa tanzu ni ngapi. Swali hilo lilikuwa na faida kubwa kuliko jibu lolote ambalo lingetolewa na mhadhiri.

Lakini daftari lile lilikuwa na safari nyingine. Kisa kilichotambwa kwa Kijaluo, Kikuyu au Kikamba kilihitaji kutafsiriwa kwa Kiingereza kabla ya kujadiliwa, kwa kuwa Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya Idara ya Fasihi. Ni nini kinachovuka katika tafsiri ya namna hiyo? Wahusika huvuka, na tukio, na funzo. Haivuki mizani ya wimbo, wala tanakali za sauti, wala mbinu ya fanani ya kubadili sauti anapoingia zimwi, wala itikio la hadhira. Kwa hiyo mjadala wa tanzu ulilazimika kusimama juu ya kile kilichobaki, yaani maudhui na wahusika. Hivyo ndivyo zilivyopata nguvu kategoria kama hadithi za mazimwi, hadithi za wanyama wajanja na hadithi za usuli. Huu ni uainishaji unaoweza kufanywa na mtu asiyeijua lugha ya fanani, na hapo ndipo penye kasoro yake.

Mkutano wa Septemba 1974 uliuchukua mjadala huu nje ya chuo. Ulifanyika Nairobi School, ng'ambo ya Westlands kando ya barabara inayoelekea Kabete, katika shule ambayo zama za ukoloni iliitwa Prince of Wales na kuwaelimisha wana wa walowezi. Ulihudhuriwa na walimu wapatao 200 wa shule za upili pamoja na wahadhiri, wakuza mitalaa, wachapishaji na wajumbe kutoka Dar es Salaam, Makerere na Malawi. Mwenyekiti wa kamati ya matayarisho alikuwa Eddah Gachukia, naye S. Kichamu Akivaga alikuwa katibu. Hao wawili ndio baadaye waliohariri kitabu cha makala ya mkutano huo (1978). Kamati iliyopewa kazi ya kufuatilia maazimio iliandika mapendekezo ya kurasa 73. Fasihi simulizi ilipendekezwa iwe nguzo ya somo katika shule za upili, si ziada ya kusomwa muda ukibaki.

Inafaa itiliwe maanani nani waliouandaa mkutano huo. Walikuwa Idara ya Fasihi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na wakaguzi wa Kiingereza wa Wizara ya Elimu. Yaani hata pale ilipokuwa ikitetewa kwa ushupavu, fasihi simulizi ya Waafrika ilipitia mlango wa somo la Kiingereza. Hakuna haja ya kuwalaumu waandalizi kwa hilo. Huo ndio mlango uliokuwa wazi. Lakini mwalimu aliyerudi shuleni kwake na ari ya mkutano alirudi katika kipindi cha Kiingereza, na wanafunzi wake waliombwa walete ngano za kwao zikiwa zimekwisha kutafsiriwa.

Vitabu vilifuata. Akivaga na Asenath Bole Odaga walitoa kozi yao ya shule za upili mwaka 1982. Jane Nandwa na Austin Bukenya wakatoa yao mwaka uliofuata. Vitabu hivi vina heshima yake, na sehemu zake zilizo bora ni zile zinazompa mwanafunzi kazi: nenda kasikilize, rudi uigize, eleza hadhira ilifanya nini. Hata hivyo kitabu cha kozi hakiwezi kuishi bila mpangilio wa sura, na sura zikaitwa kwa majina ya tanzu. Kilichokuwa matokeo ya uchunguzi wa miaka ya 1970 kikageuka kuwa yaliyomo, na mwanafunzi wa miaka ya 1980 akakutana na jina la utanzu kabla hajakutana na fanani.

Katika kipindi cha Kiswahili, mara nyingi katika chumba kile kile baada ya kengele moja tu, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Huko utanzu uliotawala ulikuwa ushairi, na utanzu ulimaanisha umbo. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi kilikuwa kimekwisha kuwapa walimu chombo cha kupimia: mizani, vina, vipande, mishororo, beti. Kazi ya darasani ilikuwa kuhesabu, na ubeti ukatajwa kuwa tathlitha, tarbia au takhmisa. Mgogoro wa mashairi huru ulioambatana na Kichomi cha Kezilahabi (1974) uliwagawa wahakiki kwa miaka mingi, lakini darasani uliishia kuongeza jina moja zaidi katika orodha. Mwanafunzi yule yule, basi, alifundishwa saa nne kwamba utanzu hutambuliwa kwa maudhui na saa tano kwamba hutambuliwa kwa umbo, wala hakuwapo mtu wa kumweleza kwa nini.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani, ulipanua nafasi ya fasihi simulizi katika lugha ambayo ingeweza kuichunguza bila tafsiri. Aidha, nadharia ilikuwapo. Makala ya Mulokozi katika Mulika 21 (1989) yaliainisha tanzu kwa kuzingatia pamoja umbile la sanaa yenyewe na muktadha wa uwasilishaji wake, yakapata tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Uzito wa uainishaji huo haumo katika hesabu ya sita. Umo katika dai kwamba utanzu ni tukio lenye fanani, hadhira, mahali na wakati, na kwamba mambo hayo yakibadilika hata utanzu waweza kubadilika. Jambo la kusikitisha ni kwamba kilichohama kutoka Dar es Salaam hadi madarasa ya Nairobi kwa wepesi zaidi ni ile orodha. Vigezo vilibaki nyuma.

Isidhaniwe kwamba mbinu nyingine hazikujaribiwa. Kundi la Chuo Kikuu la tamthilia za kusafiri, lililoanzishwa mwaka 1974 na ambalo John Ruganda alilichangia sana, liliwapeleka wanafunzi mbele ya hadhira za mikoani, na huko waligundua kwa vitendo kwamba tamthilia iliyosomwa chuoni si ile iliyochezwa uwanjani. Mapema mwaka 1982 kundi la Kamirithu la Limuru lilinyimwa nafasi ya kuonyesha Maitũ Njugĩra katika Kenya National Theatre, mkabala na chuo, likaendeleza mazoezi katika ukumbi wa chuo ng'ambo ya barabara. Umati uliokuja kutazama uliyageuza mazoezi kuwa maonyesho, na wimbo wa jukwaani ukaitikiwa na watazamaji. Kwa mwanafunzi wa tanzu hapakuwa na darasa bora kuliko lile. Kisha ukumbi huo nao ukafungwa.

Tatizo la leo linaonekana wazi zaidi Kangemi na Kawangware kuliko Barabara ya Harry Thuku. Zoezi la kukusanya ngano lilibuniwa kwa ajili ya mwanafunzi mwenye kijiji cha kurudia na bibi wa kumsikiliza. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba za kukodi za Kangemi, ambako majirani wanatoka pande mbalimbali za nchi na watoto wanazungumza Sheng, huenda asiwe na vyote viwili. Lakini hakosi fasihi simulizi. Anazo nyimbo za kurukia kamba, mafumbo na mizaha ya njiani, maandishi ya matatu, misimu ya utani, na visa vya majini vinavyosimuliwa umeme unapokatika. Akiambiwa akusanye anachokisikia mtaani, ataleta daftari lenye utata kama yale ya miaka ya 1970: wimbo ulio tangazo nusu na dua nusu, kisa ambacho msimulizi anaapa kuwa ni kweli, kitendawili chenye majibu matatu. Mwalimu aliye na vigezo mkononi angeweza kukaa na daftari hilo wiki nzima: nani alisimulia, kwa nani, saa ngapi, nani alicheka, nani alikatiza. Mwalimu mwenye orodha peke yake hana pa kuliweka. Karatasi ya mtihani inamngoja, nayo itamletea mwanafunzi wake kisa kifupi kilichokwisha kupigwa chapa, bila fanani wala hadhira, chenye sungura na fisi, kisha imwombe atambue kipera chake. Akijibu kwamba ni hadithi, neno ambalo Waswahili wenyewe huliita kila wanapoanza kutamba, hatapata alama. Linalotakiwa ni hurafa.