WAGENI WA MAZIMBU, Sehemu ya 2: Wasichana wa "Charlotte"

Juzi niliwaeleza jinsi ANC ya Afrika Kusini ilivyopewa na serikali yetu shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, wakajenga shule ya vijana wao waliokimbia ubaguzi. Ile iliyokuja kuitwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Aprili 1979. Leo nagusa linalonihusu kama nesi.

Hebu fikiria una miaka 17. Umekimbia Soweto baada ya risasi za Juni 1976. Unafika Morogoro, Kiswahili hujui, mwalimu wako labda ametoka Sweden au Uholanzi. Halafu unapata mimba. Mama hayupo, shangazi hayupo. Nani atakuonyesha kumweka mtoto kwenye ziwa?

Ndiyo maana ANC ikawa na kituo cha mama na mtoto hapa mjini, kikaitwa jina la Charlotte Maxeke, mpigania haki wa kwao. Msichana alikaa pale, akajifungua, akanyonyesha, kisha akarudi darasani. Mazimbu kulikuwa na sehemu ya kulelea watoto. Sasa linganisha na binti wa Kitanzania wa shule ya jirani miaka ile: mimba ikionekana, anafukuzwa, basi. Sisi waraka wa kuwaruhusu kurudi shuleni umetoka Novemba 2021!

Ila msidhani ilikuwa raha tupu. Wasichana walilalamika kwamba wao wanakatiza masomo, wakati mvulana aliyempa mtu mimba anaendelea na hesabu zake kama kawaida. Hapo mimi niko upande wao kabisa.

Na dada zetu wenyeji je? Wapo walioolewa na wageni hao. Mwaka 1990 ANC ikaruhusiwa tena kwao, watu wakaanza kurudi, na 1992 shule ikakabidhiwa Tanzania. Leo ni kampasi ya SUA. Wapo mama wa Morogoro waliofuata waume zao, ikawa zamu yao kuwa wageni wasiojua lugha. Wapo waliobaki hapa na watoto, baba hajarudi.

Kama mama yako ni mmoja wao na yuko tayari kusimulia, njoo inboksi, jina silitaji. Nikimaliza zamu za usiku wiki hii, naendelea na hao walioondoka.