Kichwa maji: Utafiti wa Mbale na maana yake kwa watoto wa Kwale

MZAZI wa Msambweni au Lunga Lunga ambaye mwanawe ana maradhi ya kichwa maji hukabiliwa na tatizo la pili, nalo ni umbali. Upasuaji wa ubongo kwa kawaida hutafutwa ng'ambo ya kivuko cha Likoni, mjini Mombasa, au mbali zaidi, Nairobi na Kijabe. Ni umbali wa namna hiyo uliomfanya daktari mmoja kubadili jinsi maradhi haya yanavyotibiwa.

Ubongo hutengeneza maji kila siku, takriban nusu lita kwa mtu mzima, nayo hupita katika vyumba vyake na kufyonzwa na damu. Njia ikiziba, maji hujaa. Kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana, kichwa hufura na ubongo hubanwa. Si jicho baya wala si laana ya mtu.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa mrija unaopitishwa chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ili kuyaondoa maji. Mrija huokoa maisha, lakini huweza kuziba au kuingia viini, pengine miaka mingi baadaye, na hapo mtoto asipomfikia mpasuaji upesi hufa. Kwa jirani wa hospitali kubwa hilo ni usumbufu. Kwa anayeishi mashambani ni hukumu.

Dkt Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alihamia Mbale, mashariki mwa Uganda, mwaka 2000, akafanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE. Hapo aliunganisha hatua mbili: kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo kwa kutumia kamera nyembamba, kisha kuchoma sehemu ya tishu zinazoyatengeneza maji hayo. Mtoto harudi nyumbani na mrija wowote.

Matokeo ya watoto 550 yalichapishwa mwaka 2005. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, kutoboa pekee kulifaulu kwa asilimia 47. Hatua zote mbili zilifaulu kwa asilimia 66. Kwa wachanga waliozaliwa na mgongo wazi, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 35 dhidi ya 76.

Wako waliouliza, na haki yao, kama akili za watoto hao zingekua sawa na za wenye mrija. Utafiti wa watoto 100 wa Uganda, uliotolewa mwaka 2017 katika jarida la New England Journal of Medicine, haukuona tofauti ya maana baada ya miezi 12. Hata hivyo njia hii nayo hushindwa kwa baadhi yao, na hao huhitaji mrija.

Jambo jingine alilolionyesha Warf mwaka 2005 halizungumzwi vya kutosha. Kati ya watoto 300 aliowachunguza, asilimia 60 walipata kichwa maji kutokana na maambukizi, wengi wao katika mwezi wa kwanza wa maisha. Kwa hiyo mtoto mchanga mwenye homa, degedege au anayekataa kunyonya apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mgongo wazi nao huzuilika kwa kiasi kikubwa. Utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba vidonge vya foliki asidi, vikimezwa kabla ya kushika mimba, vilipunguza kurudia kwa kasoro hizo kwa asilimia 72. Uti wa mgongo hufunga katika wiki nne za kwanza, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 iliwalazimu wasagaji wa unga wa pakiti kuutia virutubisho. Lakini sima ya nyumba nyingi za Kwale hutokana na mahindi ya shambani, yaliyosagwa kwa mashine ya kijijini, na unga huo hautiwi chochote.

Dalili za kuangalia ni kichwa kinachokua kwa kasi, utosi uliovimba, kutapika, na macho yanayoelekea chini kama jua linapotua. Muuguzi wa kliniki hupima kichwa kwa utepe tu, na mzazi anaweza kuomba kipimo hicho kila anapompeleka mtoto kuchanjwa.